Ari ya Mtu Mzima Katika Jiji la Wakimbiaji

Mgeni anayefika Eldoret kwa mara ya kwanza hudhani kila mtu hapa hukimbia. Hawezi kulaumiwa. Jiji hili, lililopandishwa hadhi tarehe 15 Agosti 2024 kuwa la tano nchini Kenya, limezungukwa na majina yanayojulikana dunia nzima. Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, ni mzee wa hapa. Eliud Kipchoge alijiandalia katika barabara za vumbi za Kaptagat, karibu na jiji hili, kabla ya kukimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwezi Oktoba 2019. Ukisimama Kimumu kando ya barabara ya Iten saa kumi na mbili asubuhi, utawaona wanariadha wakipita makundi makundi, jaketi zimefungwa hadi shingoni, hakuna anayesema neno.

Rudi mahali hapo saa mbili baadaye. Barabara ni ileile, watu ni wengine: walimu, makarani, wauza mitumba, wauguzi waliotoka zamu ya usiku, wakulima waliokuja mjini kufuata malipo ya mahindi. Hawa ndio wakazi wengi wa Eldoret, na miili yao haina tofauti na ya watu wa Nakuru au Kisumu. Kuna kitambi kilichoanza baada ya kuajiriwa, magoti yanayouma kwenye ngazi, presha iliyogunduliwa kliniki walipompeleka mtoto. Wengi wao wamejaribu. Walinunua raba Januari, wakalipia jimu, wakaamka mapema majuma matatu. Kufikia Pasaka wameacha, na wengi wamebaki wakiamini kwamba kasoro iko katika nafsi zao.

Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga. Kwa maoni yangu, ari ya mtu mzima huuawa na mambo mawili yanayoweza kurekebishwa: kipimo kisicho sahihi, na upweke. Wanariadha wanaotupita barabarani kila asubuhi wana la kutufundisha kuhusu hilo la pili, ingawa ni nadra kuwaangalia kwa jicho hilo.

Kwanza tuondoe lawama ya uvivu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 27 ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu. Sasa soma na hili: katika utafiti huohuo, ni asilimia 6.5 pekee ambao hawakufikisha kiwango cha kuushughulisha mwili kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa maneno mengine, nchi hii imejaa watu wanaotembea, wanaobeba, wanaolima na kufua kwa mikono, na ambao bado wananenepa. Mama anayeshusha magunia ya viazi sokoni tangu alfajiri hajakosa mazoezi. Ukimwambia tatizo lake ni kutotembea, unamtukana bila kumsaidia.

Jibu la fumbo hili lilianza kuonekana si mbali na sisi, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia Wahadza, wawindaji na waokota matunda wa kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Mwanamume wa Kihadza hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Kila mtu alitarajia kuona anachoma nishati nyingi mno kuliko karani wa Marekani anayekaa kitini. Walipozingatia ukubwa wa mwili, walikuta tofauti hiyo haipo. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine, hivyo jumla ya siku haipandi kama tunavyodhani. Wataalamu wanaendelea kubishana kuhusu ukubwa wa kubana huko, lakini upande wa vitendo wa habari hii umethibitishwa mara nyingi: mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo tu.

Fikiria maana yake kwa mtu wa mtaa wa Langas aliyeanza kutembea kila asubuhi tangu mwaka mpya. Anatembea miezi miwili kwa uaminifu. Anapanda mizani ya duka la dawa, anakuta amepungua kilo moja, labda hajapungua hata robo. Anahisi amedanganywa. Anaacha. Kumbe katika miezi hiyo miwili presha yake imeshuka, usingizi wake umekuwa mzito, sukari ya damu inatulia haraka zaidi baada ya kula, na moyo wake unasukuma damu kwa juhudi ndogo. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoonekana kwenye mizani. Alipata mali nyingi, akaenda kuitafuta katika mfuko ambao haikuwekwa.

Ndiyo maana nasema ari hufa kwa kipimo. Mizani ni chombo cha kupima chakula zaidi ya kupima mwendo. Mwendo una vipimo vyake: kupanda kutoka daraja la mto Sosiani hadi katikati ya jiji bila kusimama kuvuta pumzi, tundu la mkanda, idadi ya mapigo ya moyo unapoamka, kabla hujateremka kitandani, usomaji wa presha kliniki kila mwezi. Vipimo hivi hubadilika mapema, vingine katika majuma machache tu, na mtu mzima anayeviandika ana cha kumshikilia wakati mizani imegoma.

Mazoezi yana kazi kubwa katika uzito pia, ila inakuja baadaye. Nchini Marekani kuna daftari la utafiti lililoanzishwa mwaka 1994, linalofuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Njia zao za kupungua zilitofautiana sana. Walichofanana wengi wao ni kwamba baada ya kupungua walisogea sana, kama saa moja kwa siku, na wengi walichagua kutembea tu. Chakula hushusha, mwendo hushikilia. Anayelijua hilo hatautupa mwendo kwa sababu mizani haikutikisika Februari. Anajua anajenga ukuta atakaouhitaji Novemba.

Na kiasi kinachohitajika si cha kutisha. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002 liliwapa watu waliokaribia kupata kisukari malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kusogea dakika 150 kwa juma. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Watu wengi wanaoanza na ndoto ya kupoteza kilo 30 wangetiwa moyo zaidi na habari hii kuliko na picha za mitandaoni. Hata zile hatua 10,000 kwa siku ambazo simu inakudai zilianza kama jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani katikati ya miaka ya 1960. Hatua 6,000 za mtu aliyekuwa na 3,000 zina thamani kubwa.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu Eldoret ina tatizo lake mahususi. Mwaka 2004 mtafiti Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha hesabu ya chakula cha wanariadha wa mbio ndefu waliokuwa kambini. Zaidi kidogo ya robo tatu ya nishati ilitoka kwenye wanga. Ugali uliongoza, na sukari ilikuwa na sehemu kubwa, nyingi yake ikiingia kupitia chai. Mafuta yalikuwa kidogo, nyama kidogo. Hata hivyo wanariadha hao walikuwa wakitumia nishati nyingi kuliko waliyokula. Sahani hiyo, kwa mtu anayekimbia mara mbili kwa siku milimani, ni sahihi kabisa.

Tatizo ni kwamba sahani hiyo ndiyo sahani ya jiji zima. Watu wengi wa hapa walikulia mashambani, wakienda shule kwa miguu na kurudi, wakichunga, wakichota maji mtoni, na walikula kama watu wa kazi hizo. Kazi zimebadilika, sahani imebaki. Tena imeongezewa nyama ya kukaanga, chapati za mafuta, chipsi za jioni, na soseji ya smokie inayouzwa kwenye kigari mbele ya kila kituo cha matatu.

Nikiulizwa mtu mzima wa Eldoret aanzie wapi, nitasema aanzie kwenye kikombe. Hesabu siku ya kawaida: chai ya maziwa nyumbani kabla ya kutoka, chai ya saa nne ofisini, chai ya saa kumi, chai ya kumkaribisha mgeni jioni, labda nyingine baada ya ugali. Weka vijiko vitatu vya sukari kila mara. Kijiko cha chai ni gramu nne au tano, hivyo vikombe vinne vimeshafika gramu 50 kabla hujala mandazi hata moja. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50 hizohizo, na linasema nusu ya hapo ingefaa zaidi. Kwa hiyo chai pekee imemaliza bajeti. Kupunguza kutoka vijiko vitatu hadi kimoja hakuhitaji pesa, wala kadi ya jimu, wala chakula cha kigeni. Ulimi huzoea katika majuma machache. Mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, na mboga ya managu havihitaji kuguswa. Hivyo ni vyakula vizuri na vina heshima yake. Ugali unaweza kubaki mezani ukiwa nusu ya ulivyokuwa, mboga zikichukua nafasi iliyoachwa.

Ugumu hauko kwenye sukari, uko kwenye watu. Kukataa kikombe katika nyumba ya shemeji, au kuacha nyama kwenye sahani ya harambee, husomwa kama dharau. Wenye busara hawakatai: huomba chai isiyotiwa sukari mapema, kabla haijamiminwa, na huanza kula na mboga ili sahani isionekane imeachwa.

Jambo lililo zito kuliko hilo ni maana ya kukonda. Katika miaka ya 1980, ukimwi ulipoingia Uganda, watu waliuita Slim, kwa jinsi ulivyowakausha wagonjwa. Eldoret ilipitia msiba huo kwa karibu. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na vyuo vikuu vya Marekani vikiongozwa na Indiana vilianzisha mpango wa AMPATH wa kutibu wenye virusi, na kuongezeka kilo kulikuwa miongoni mwa dalili za kwanza zilizowapa familia matumaini kwamba dawa zimeshika. Kizazi kilichoyaona hayo kilijifunza kuusoma mwili: mnene ni mzima, aliyekonda ana siri. Naamini somo hilo halijaisha. Mwanamke wa miaka 45 anayepungua kilo nane kwa jasho lake hupokewa kanisani kwa sauti ya chini: "Mama, umekonda. Kwani ni nini?" Mumewe huulizwa kama nyumbani kuna chakula. Mwanamume aliyepoteza kitambi huambiwa kazi imemwendea vibaya. Hakuna kipeperushi cha afya nilichowahi kusoma kinachomwandaa mtu kwa maneno hayo, na bado huvunja mioyo kuliko njaa. Anayetaka kudumu afadhali awaambie watu wa nyumba yake mapema anachofanya na sababu yake, ili wao wawe wa kwanza kumjibia.

Tuje kwenye upweke. Daniel Lieberman, profesa wa Harvard aliyefanya utafiti miaka mingi miongoni mwa Wakalenjin wa vijiji vya eneo hili, aliandika kitabu mwaka 2020 kuhusu mazoezi na asili ya binadamu. Hoja yake ni kwamba mwili wetu uliumbika kusogea pale tu panapo lazima au panapo furaha: kutafuta chakula, kucheza ngoma. Kuamka gizani kwenda kukimbia mzunguko na kurudi palepale ni jambo jipya katika historia ya watu. Kwa hiyo kutojisikia saa kumi na moja na nusu asubuhi ni hali ya kawaida ya mwili wenye akili timamu. Swali la kufaa ni hili: ni nini kitakacholeta lazima, au furaha, mahali ambapo haipo?

Kambi za wanariadha zina jibu. Tazama ile ya Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, aliyepata fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Wakimbiaji huishi pamoja siku za mazoezi na kurudi makwao juma linapoisha. Kila mtu ana zamu ya kusafisha, vyoo vikiwemo, na Kipchoge aliyeshinda Olimpiki mara mbili alikuwa kwenye orodha hiyohiyo. Ratiba inajulikana: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi fartlek, yaani kukimbia kwa kasi na kupunguza kwa zamu, na siku za katikati mbio laini. Hakuna anayeamka akijiuliza kama leo atakimbia. Swali hilo lilijibiwa na ratiba, na likajibiwa tena na mwenzake anayevaa viatu kitanda cha pili. Tunapomsifu bingwa kwa moyo wa chuma, tunasahau kwamba alijengewa mazingira ambamo kubaki kitandani ni kazi ngumu kuliko kuamka.

Katika mji jirani wa Iten nako, kila Alhamisi saa tatu asubuhi, kundi kubwa la wakimbiaji hukutana kwa fartlek ya kubadili kasi dakika kwa dakika. Hakuna kadi ya mwaliko. Ukifika kabla ya saa tatu unajiunga, ukichelewa hawakusubiri. Urahisi wake ndio nguvu yake: mahali palepale, siku ileile, saa ileile.

Kuna jingine la kuiga, ambalo watu wazima wengi hulikosea. Wakimbiaji hawa huanza polepole mno. Mgeni anayejiunga nao asubuhi ya mbio laini hushangaa kwamba dakika za mwanzo anaweza kuwafuata. Sehemu kubwa ya mazoezi yao ya juma ni ya kasi wanayoweza kuzungumza wakikimbia. Mtu mzima wa kilo 95 aliyemwona bingwa kwenye televisheni huanza kwa kasi ya fainali, akaumwa goti siku ya nne. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Aliyehamishwa kikazi kutoka Mombasa atahema kwenye mwinuko mdogo kwa majuma kadhaa na kudhani moyo wake ni mgonjwa. Mwendo ambao bado unaweza kumsimulia mwenzako habari za jana unatosha. Mwenye presha au kisukari apitie kliniki kwanza, apimwe, ndipo aanze.

Mtu mwenye watoto na kazi hawezi kuhamia kambini. Lakini jamii yetu tayari ina chombo kinachofanana na kambi kuliko jimu yoyote, nacho ni chama, yaani kikundi cha kuweka akiba. Chama kina siku, kina saa, kina faini ya kuchelewa, kina mwekahazina asiyesahau. Watafiti wa AMPATH walikiona hilo. Katika utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, watu zaidi ya 2,800 wenye presha ya juu, kisukari au dalili zake waligawanywa kwa maeneo. Wengine walipata huduma ya kawaida, wengine walikutana na wahudumu wa afya kwa vikundi, wengine walijiunga na vikundi vya akiba na mikopo midogo, na wengine walipata vyote viwili. Presha ilishuka kwa wote, hata wale wa huduma ya kawaida. Ila waliokutana kwa vikundi walishuka zaidi, na waliokuwa na kikundi pamoja na akiba ndio walioshuka zaidi ya wote. Tofauti haikuwa kubwa sana. Ilipatikana, hata hivyo, kwa watu kuketi pamoja.

Nimekiona kikundi cha namna hii katika mtaa wa Kapsoya. Ni akina mama saba au wanane, wengi wamefunga leso juu ya suruali za michezo, mmoja amevaa raba za mwanawe. Saa kumi na mbili kasorobo wako kwenye geti la kanisa. Hawakimbii hata hatua moja. Hutembea kwa kasi, wakizungumza kuhusu karo, bei ya unga na binti wa fulani anayeolewa. Mmoja akikosekana, simu inapigwa papo hapo, na spika inawashwa wote wasikie: "Mama, tuko getini." Anayejibu kwa sauti ya usingizi anachekwa, na dakika tano baadaye anatokea akifunga kitambaa kichwani. Hapo hakuna aliyetafuta ari. Kuna aibu kidogo, kicheko kingi, na habari ambazo ukikosa leo utazisikia zikiwa zimepoa.

Kikundi hicho kinatatua pia tatizo ambalo wanaume hawalitaji: usalama. Giza la alfajiri, mbwa wa mitaani, na vijana wanaopiga miluzi humzuia mwanamke mmoja, lakini wanawake wanane hawazuiliki. Kwa upande wa miundombinu, hali si nzuri. Barabara ya Uganda inapita katikati ya jiji, na sehemu nyingi za pembeni hazina njia ya miguu inayofaa kuitwa hivyo. Uwanja wa Kipchoge Keino umechukua miaka mingi kujengwa. Boda boda nazo zimefuta ile kilomita moja ya kutoka stendi hadi nyumbani iliyokuwa zoezi la kila mtu bila kuitwa zoezi. Jiji lenye jina la mabingwa linadaiwa na wakazi wake barabara za kutembea zenye taa na kivuli, na kaunti ingepata faida kubwa zaidi kwa hizo kuliko kwa sanamu nyingine ya mwanariadha.

Linabaki suala la kuanguka, kwa sababu kila mtu huanguka. Anayepungua sana hupambana na mwili wake mwenyewe: njaa huongezeka na matumizi ya nishati hushuka. Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani, wakaripoti mwaka 2016 kwamba miaka sita baadaye wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa bado inatumia nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Hao walikuwa watu waliokaza kamba kuliko mtu yeyote wa jimu yetu. Kurudi kwa kilo hakuthibitishi udhaifu wa tabia. Phillippa Lally wa London naye, katika utafiti wake kuhusu mazoea, alikuta watu walihitaji wastani wa siku 66 kabla jambo halijawa la kujiendea lenyewe, wengine siku 18, wengine ilikadiriwa 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu ni kuigeuza siku moja kuwa hukumu.

Wanariadha wana neno ambalo sisi hatulitumii kwa miili yetu: msimu. Baada ya marathoni hupumzika kabisa majuma kadhaa, wakala, wakaongeza kilo, na hakuna anayesema wameacha mbio. Kisha huanza tena kwa mwendo wa pole kuliko walipoishia. Mtu mzima naye anaweza kuupanga mwaka wake hivyo kwa kufuata kalenda ya Uasin Gishu, kaunti ya jiji hili. Januari hadi Machi ni kipindi kikavu, njia hazina tope. Mvua ndefu ikianza, mara nyingi hunyesha alasiri, hivyo asubuhi bado ni ya kutembea na jioni hubaki kamba ya kuruka ndani ya nyumba. Oktoba hadi Desemba ni mavuno, na anayekata na kuvuna mahindi tangu asubuhi ahesabu siku hiyo kuwa imelipwa. Sikukuu za mwisho wa mwaka ni za kula na ndugu waliotoka Nairobi. Lengo la wakati huo liwe kutembea mara mbili kwa juma tu ili miguu isisahau. Kikundi kitakachoanza Septemba badala ya Januari, mvua zikianza kupungua, kitakuwa na miezi mitatu ya kuzoeana kabla ya likizo ya Desemba, ambayo ndiyo huvunja vikundi vingi.